Nuru iliyoondoka mkiwa darasa la saba

Watu kadhaa wameniomba ile hotuba ya mahafali ya Jumamosi. Sasa mi sikuwa na karatasi yoyote mkononi, kwa hiyo nimeiandika kama ninavyoikumbuka, na pale nilipopotea njia nimepaacha hivyo hivyo. Ilikuwa shule moja ya sekondari hapa Moshi, fomu foo wanaaga, saa nane mchana, jua la kuchoma, maturubai hayajatosha wazazi, na mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake siku ukiwa na wageni.

Mkuu wa shule, shikamoo mama. Walimu, wazazi, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyie wahitimu mliopendeza hivi, mambo? Poa. Haya.

Niseme ukweli kabla hajausema mwingine, mi siye mgeni rasmi. Mgeni rasmi jina lake liko kwenye kadi zenu, alipiga simu saa nne asubuhi kwamba kapata dharura, basi mkuu akanikimbilia mimi kwa sababu ni jirani na kila jioni tunakutana dukani kwa Mangi. Akaniambia kaongee nao chochote cha kuwajenga. Nikamwambia mama, kazi yangu mi ni mlima, nilianza mgumu, yani mpagazi, nimebeba mizigo ya wageni kichwani miaka saba, badae ndo nikapata leseni ya kuongoza, hotuba nazisikia tu kwenye harusi. Akasema ongea unachokijua. Sasa ninachokijua vizuri ni vitu viwili, kutembea polepole na kuangalia nyota. Kutembea polepole hakuna cha kuhutubia. Kwa hiyo nitaongea nyota, saa nane mchana, mnivumilie.

Na tuelewane mapema, nikisema nyota sio zile za redioni za kuambiwa wiki hii utapokea mgeni na rangi yako ya bahati ni kijani. Naongelea zile zenyewe, za juu.

Mchana nao una nyota yake, ile pale, msiikodolee macho mtaumia. Jua ni nyota kama nyingine, ila hii ndo tumekaa nayo karibu. Karibu yenyewe ni kilomita milioni 150. Nuru inakimbia kilomita laki tatu kwa sekunde moja, yani muda wa kusema "mambo" na kuitikiwa "poa" imeshaizunguka dunia mara saba na nusu, lakini kutoka kwenye jua mpaka kwenye upara wa mzee wangu huyu hapa mbele, samahani mzee wangu, inatumia dakika 8 na sekunde 20. Joto hili linalowachoma sasa hivi liliondoka kule wakati emsii bado anagombana na maikrofoni. Hatujawahi kuliona jua la sasa. Tunaona la dakika nane zilizopita, siku zote, toka tumezaliwa.

Babu yangu kule Kibosho asubuhi alikuwa akitoka nje anasimama mlangoni, anageukia linapochomoza, anasema maneno yake mawili matatu, ndo anaingia kwenye migomba. Wachaga wenzangu mnajua, Ruwa ni Mungu, na jina hilo na jina la jua wazee hawakuyaweka mbali. Utotoni nilidhani anasalimia. Labda kweli alikuwa anasalimia.

Sasa leo usiku mkitoka kwenye pilau, saa moja na nusu hivi, kama hakuna wingu, simameni mahali pasipo na taa muangalie kusini magharibi, chini chini, huko kuelekea tambarare ya Simanjiro. Mtaona nyota mbili kali zimekaribiana. Ile ya juu, kali zaidi, ndo Alfa Sentauri, jirani wa kwanza wa jua letu. Kwa darubini siyo moja, ni kundi la ndugu watatu, ila kwa macho mtaona moja. Nuru yake mpaka ifike hapa inatembea miaka minne na miezi minne hivi. Pigeni hesabu. Hiyo nuru mtakayoiona leo, siku inaondoka kule, nyie mlikuwa darasa la saba, mmevaa kaptula na sketi za bluu, mtihani bado, hii shule hamjawahi kuiona hata geti. Mmefanya mtihani, matokeo yakatoka, mkanunuliwa godoro na ndoo, mkalia wiki ya kwanza bwenini, mkazoea, mkakua, wengine mmeota ndevu, yenyewe iko njiani tu haijasimama hata kidogo kunywa maji. Leo usiku inafika. Na huyo ndo jirani wa karibu kuliko wote, wengine wote ni mbali zaidi.

Nilivyoyajua haya sikuyajua shuleni, niseme tu, fizikia ilinishinda nikaikimbia. Nilikuja kufundishwa kambini Shira na mgeni mmoja, mzee wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, magoti yamekufa lakini moyo hauna shida. Kila tukimaliza kula yeye halali, anatoka nje na darubini yake ya macho mawili, na mimi kama kiongozi siwezi kumwacha mgeni gizani peke yake, basi nasimama naye natetemeka. Siku ya tatu nikachoka kutetemeka bure nikamwambia na mimi nioneshe. Akanionesha. Darubini aliniachia siku tunaagana, na mpaka leo nadhani ndo bahashishi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, japo mke wangu hakubaliani na mimi hata kidogo.

Mwezi wa tisa, usiku usio na mbalamwezi, mnaamka kambi ya Barafu saa tano usiku mpande kileleni. Barafu ni mita 4,673, chupa ya maji lazima uigeuze kichwa chini miguu juu ili ikiganda igandie kitako, mdomoni pabaki maji. Mnaondoka saa sita, mstari wa taa za vichwani unapanda, hakuna anayeongea, unasikia pumzi na fimbo kwenye changarawe tu. Kama saa nane usiku nasimamisha kundi langu na nawaambia zimeni taa. Huwa wanagoma, wanaogopa. Afu wanazima, na macho yakishazoea giza unasikia mmoja anavuta pumzi, afu mwingine.

Kwa nyuma chini huko, kama mawingu yameachia, ni Moshi yetu hii, taa zake zimemwagika kama mtu kaangusha gunia la mtama. Kulia, juu ya Mawenzi, Kilimia kimeshapanda, kile kikundi cha nyota kama kifungu cha funguo. Kilimia jina lake ni la kulimia, wahenga wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, yani hiyo ilikuwa kalenda yao, huna haja ya bando. Nuru ya Kilimia ina kama miaka 440 njiani, iliondoka kule Wareno hawajaanza kujenga ile ngome ya Mombasa.

Na mbele, kaskazini, juu ya bega la Kibo, kuna kidoa. Macho makavu utakiona kama mtu amefuta chaki vibaya ubaoni. Hicho siyo wingu wala siyo nyota moja, ni Andromeda, galaksi nzima, mji wa nyota kwa mamia ya mabilioni, na ndo kitu cha mbali kabisa ambacho wengi wetu tutakiona kwa macho yetu bila chombo. Nuru yake imetumia miaka milioni mbili na nusu.

Nilipoambiwa hiyo namba haikuniingia, namba kubwa ni kama kelele tu. Ikaja kuniingia siku nilipopeleka wageni Ngorongoro. Pale Laetoli, mnajua, kuna zile nyayo, viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi juu ya majivu ya volkano, majivu yakaganda na zikazikwa, zikaja kufukuliwa 1978. Zina miaka milioni tatu na laki sita na zaidi. Basi siku ile nuru ya Andromeda inaondoka kule, nyayo za Laetoli zilikuwa zimeshazikwa zaidi ya miaka milioni moja. Na wale wa Oldupai, ambao mifupa yao ina kama milioni moja na laki nane, walikuwa bado. Yani wakati inaondoka, mtu wa kuiona hajatengenezwa. Imetembea kwenye giza na ubaridi bila kugonga kitu, miaka yote hiyo, huku chini watu wanatokea, wanajifunza moto, wanajifunza kusema, wanajifunza kutukanana, mpaka inafika Kilimanjaro saa nane usiku inakuta kijana wa Kibosho mwenye mafua kasimama, inaingia kwenye jicho lake. Safari ikaishia hapo.

Nirudi kwa babu kidogo.

Miaka ile naanza kazi simu mlimani hakuna, ukishapita geti la Machame umeaga dunia mpaka utokee Mweka. Siku ya nne ya safari moja mgeni wangu, mama mmoja mzee, akanipa fimbo yake ya kutembelea, akasema mimi nitanunua nyingine. Nikaifunga kwenye begi. Nikawa nawaza babu, alikuwa anatembelea fimbo ya mkahawa imepinda, nikasema hii ataringa nayo kanisani. Tumepanda, tumeshuka, njia nzima naongea na babu kichwani, nampangia nitakavyomtania. Kufika geti la Mweka namuona mjomba kakaa kwenye jiwe. Mjomba hajawahi kuja Mweka. Babu alikuwa amefariki juzi yake alfajiri, yani kabla hata sijapewa fimbo.

Siku mbili nzima nilikuwa namshushia babu fimbo na babu hayupo. Na mnielewe, siku hizo mbili kwangu mi alikuwa hai kabisa, hakuna kitu kilichopungua, alicheka vile vile. Kwa hiyo mzee wa Kijerumani aliponiambia unachokiona juu ni habari ya zamani mimi sikushangaa, hayo nilishayapitia Mweka. Fimbo ndo hii niliyoegemea.

Ila hapa niwarekebishe kitu, maana kuna watu wakishasikia hivi wanarukia kwamba nyota zote tunazoziona zimeshakufa, na mitandaoni mtakuta picha zimeandikwa hivyo na maua pembeni. Sio kweli. Nyota tunazoziona kwa macho nyingi ziko ndani ya miaka elfu chache ya nuru, na nyota inaishi mamilioni mpaka mabilioni ya miaka, kwa hiyo karibu zote ziko palepale mpaka sasa zinawaka. Mbingu inachelewa, haidanganyi. Ni tofauti kubwa hiyo, na mtu akikuletea habari ya jana siyo kwamba kakudanganya.

Sasa kuna hili la udogo. Usiku mmoja tumezima taa, mgeni mmoja, kijana tu, akaanza kulia. Kumuuliza una nini, akasema najiona mdogo sana, si kitu, mchanga. Wengi wanasema hivyo, ni kama wimbo wa taifa wa kule juu. Nilikuwa na mgumu wangu wa kileleni, jamaa wa Marangu, kilo 20 mgongoni kila siku, Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Akaniuliza analia nini, nikamtafsiria. Akafikiri, akasema, "Muulize, kwani kule chini alikuwa anajiona mkubwa kiasi gani?"

Nimelifikiria hilo swali miaka mingi kuliko kitu chochote nilichosoma. Maana kweli, nani kasema ukubwa ndo hoja? Galaksi yetu hii peke yake ina nyota zaidi ya bilioni 100, na haijui kama inazo. Mlima huu mita 5,895, haujui kama unapandwa. Anayejua ni mwenye mafua. Ukimwambia mtoto wa mtu wewe si kitu kwa sababu anga ni kubwa, ni sawa na kumwambia barua ina thamani ila aliyeandikiwa hana. Sisemi tuko wakubwa. Nasema hicho siyo kipimo.

Na siwadanganyi, kuna usiku hata mimi inanitisha. Unaangalia ule mkanda mweupe unaokatiza juu, unajua katikati pale pamejaa nyota mpaka macho hayawezi kuzitenganisha, na baina yake ni ubaridi na utupu, na hakuna sauti, unatamani hata mbwa abweke. Ukifika hapo usijifanye shujaa. Washa taa, kunywa chai, endelea kupanda.

Kingine cha kuwaonesha kiko mwilini mwenu. Kila jioni kambini tunawapima wageni na kale kadude ka kubana kidoleni, kanasoma oksijeni kwenye damu. Hapa Moshi ukijibana utaona 97, 98. Barafu nimeona mtu ana 82 na anacheka. Kinachobeba hiyo oksijeni ni chuma, chuma kabisa, kidogo kidogo ndani ya damu, ndo maana damu nyekundu. Na chuma chote, cha damu, cha msumari, cha sufuria za pilau zinazonukia huko nyuma, kilipikwa na nyota. Hakuna jiko lingine linaloweza. Nyota zilipika, zikalipuka, zikamwaga, na jua letu na dunia yake vikaja kukusanyika kwenye hayo majivu miaka bilioni nne na nusu hivi iliyopita. Mkitaka kukishika kwa mkono kile cha juu moja kwa moja nendeni Songwe, kuna kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma zaidi ya tani kumi, limekaa tu. Au jishikeni mapigo ya mkono hapo. Mtu anayehema kwa shida pale Stella, ukingoni mwa kreta karibu na kilele, anaokolewa na chuma cha nyota iliyokufa, na juu yake nyota zinamwangalia. Mi sijui niite nini hiyo. Undugu, labda.

Wazazi naona mmoja ananiangalia kwa wasiwasi, mama usiogope, kanisani naenda, na jirani yangu shehe tunautafuta mwezi mwandamo pamoja na darubini ya yule Mjerumani. Haijanipunguzia kitu.

Na msidhani haya mambo ni ya wazungu tu na sisi tunabeba mizigo. Mnajua kilele chetu kinaitwa Uhuru. Kuna Uhuru nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, hapo tu Kenya, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kupima miale ya eksirei kutoka angani, na imesaidia sana watu kugundua kwamba mashimo meusi, yale yanayomeza hata nuru, siyo hadithi. Neno letu limefika huko.

Ila kuna sehemu halikufika, na hii iliniuma. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili, Voyager, na kila kimoja wakakibandika sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, ina muziki na salamu kwa lugha 55, kwa ajili ya yeyote atakayeiokota. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Nilitafuta orodha nikaisoma mara mbili kwa kidole. Voyager ya kwanza inakwenda kilomita 17 kwa sekunde, Moshi mpaka Arusha sekunde tano, sisi na kosta saa mbili ukiwa na bahati, iko mbali mpaka ujumbe wa redio unatumia karibu siku nzima kuifikia, na hata kwa mbio hizo umbali wa kwenda kwa yule jirani wa Alfa Sentauri ungeimalizia miaka zaidi ya elfu 70. Inakwenda kimya kimya bila hodi yetu. Basi niliposoma hivyo nilitoka nje usiku nikasema mwenyewe, hodi. Mke wangu akauliza ndani, nani huyo.

Hapa mkuu wa shule akanionesha saa kwa adabu, nikasema kama kuna swali moja niulizwe nikae. Watoto wakasukumana, akasimama binti mmoja mwembamba wa mstari wa nyuma, kofia ya mahafali imemzidi.

Akasema shikamoo, mi nauliza, kama sisi tunaiona hiyo nyota ya zamani, je na wao wakiwepo wanatuona sisi wa zamani?

Nikamwambia ndiyo, hujakosea. Kama kule yupo mtu, na darubini ambayo hakuna aliyewahi kutengeneza, akielekeza Moshi leo haoni tulivyo hapa. Anaona ule mwaka wenu wa darasa la saba. Turubai hakuna, pilau hakuna, mimi niko kambini Karanga nalalamikia mvua, wewe uko shule ya msingi na sketi yako ya bluu.

Akakaa kimya kidogo kama anapiga hesabu, afu akasema kwa sauti ndogo lakini maikrofoni ikaidaka, "Kwa hiyo huko bado nafaulu hesabu."